Ndegwa Yupi? Kumsaka Mchumi Ndani ya Majalada ya Embu na Meru

Msomaji anayefuatilia historia ya uchumi wa Kenya hukutana mapema na kitu kinachoitwa Ripoti ya Ndegwa, na asipokuwa mwangalifu hupotea hapohapo mlangoni. Kitabu kimoja kitamwambia kwamba ripoti hiyo ni ya 1971, ile iliyofungua njia ya watumishi wa serikali kufanya biashara wakiwa bado kazini. Kingine kitamwambia ni ya 1982, ile iliyoonya kwamba serikali imejitwika mashirika mengi kuliko inavyoweza kuyasimamia. Vyote viwili vinasema kweli. Tume ya kwanza iliongozwa na Duncan Ndegwa, mtu wa Nyeri na Mkenya wa kwanza kuwa gavana wa Benki Kuu. Jopo la pili liliongozwa na Philip Ndegwa, mzaliwa wa Kirinyaga, aliyempokea Duncan kiti hichohicho cha ugavana mwishoni mwa 1982 na kukikalia hadi 1988. Wote wawili walipitia Makerere, wote wawili walikuwa watu wa faili na takwimu, na ripoti zote mbili zilipendekeza kwamba mipango ya maendeleo iteremshwe hadi wilayani. Si ajabu basi kuona maandishi ambamo sentensi ya mmoja imetiwa kinywani mwa mwingine, na mwandishi mwenyewe hana habari.

Kosa hilo dogo linaonyesha tatizo kubwa. Mwanasiasa huacha hotuba, picha na kelele; mwandishi wa riwaya huacha jina lake kwenye jalada la kitabu. Mchumi wa serikali huacha kazi nyingi kupindukia, lakini karibu yote haina jina lake. Bajeti husomwa na waziri, waraka wa bunge hutolewa kwa jina la Jamhuri, na ripoti ya tume huitwa kwa jina la mwenyekiti hata kama aya zake bora ziliandikwa usiku na kijana asiyejulikana. Ndiyo maana wachumi wetu, watu waliopanga bei ya kahawa, kiwango cha shilingi na njia ya barabara, hawana vitabu vya maisha yao vinavyolingana na uzito wa walichofanya. Hoja ya makala haya ni kwamba maisha ya mtu kama Philip Ndegwa yanaweza kuandikwa, na kwamba yakiandikwa kutoka Nairobi peke yake yatakuwa nusu. Nusu ya pili iko pale ambapo maneno yake yalitua, na ambapo yeye mwenyewe alitoka: katika karatasi na kumbukumbu za watu wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya.

Tuanze na mahali alipotoka, kwa sababu hapo ndipo mtafiti mvivu hukwama kwanza. Anayetafuta habari za utoto wa Ndegwa katika Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki lililo kwenye Moi Avenue jijini Nairobi, akiandika neno Kirinyaga hatapata mengi ya miaka ya kabla ya uhuru. Wilaya hiyo haikuwepo. Ndia na Gichugu, ambazo leo ni maeneobunge ya Kaunti ya Kirinyaga, zilikuwa tarafa za Wilaya ya Embu, na ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya ziliingia katika mfululizo unaoanza kwa herufi DC/EBU. Mwaka 1963 mipaka ikachorwa upya: Kirinyaga ikaenda Mkoa wa Kati, Embu na Meru zikaingia Mkoa wa Mashariki wenye makao yake mjini Embu. Mtu mmoja akagawanywa na mpaka bila kusogea hatua. Meru nayo ilimegwa miaka ya 1990, Tharaka-Nithi ikajitenga, Mbeere ikatoka Embu, na tangu 2013 tuna kaunti. Kila mpaka mpya ulipochorwa, makabati ya faili yaliguswa: mengine yakahamishwa na mengine yakabaki. Mtafiti wa maisha ya mtu wa sehemu hii lazima kwanza ajue ramani ilikuwaje mwaka anaouchunguza, la sivyo atahitimisha kwamba hakuna kitu, kumbe amegonga nyumba ya jirani.

Ndani ya majalada hayo ya Embu hatutarajii kukuta jina la mtoto wa shule. Tutakuta dunia iliyomlea, na kwa mchumi hilo lina thamani kubwa. Ndegwa alizaliwa miaka ya 1930, muongo ambao serikali ya kikoloni, baada ya walowezi kupinga kwa muda mrefu wakidai Mwafrika ataeneza magonjwa ya mimea na kuharibu ubora, iliruhusu Waafrika kupanda kahawa kwa majaribio. Majaribio hayo yalianzia sehemu tatu: Kisii, Embu na Meru. Mashamba yalikuwa madogo na masharti yalikuwa mengi, miche ikahesabiwa kama mateka. Kwa hiyo mtoto aliyekulia hapo hakuhitaji kufundishwa darasani kwamba bei ni suala la siasa. Aliona nani anaruhusiwa kupanda, miche mingapi, na nani anapima. Hapa natoa maoni yangu, kwa sababu hakuna jalada litakalosema hivyo: mtu anayekua katika uchumi wa vibali huwa na hisia kali kuhusu dola kama mgawaji, iwe kwa kuipenda au kwa kuihofia. Hisia hiyo inafaa kutafutwa katika maandishi yake ya baadaye. Kuichukulia kuwa imethibitishwa kabla ya kuyasoma ni kuweka mkokoteni mbele ya punda.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya 1952. Katika barua za kiserikali za miaka hiyo watu wa eneo hili walifupishwa kwa herufi tatu, KEM, yaani Wakikuyu, Waembu na Wameru, na herufi hizo ziliamua nani abebe kitabu cha kusafiria, nani akae katika kijiji kilichozungushiwa mtaro, na nani apate cheti cha uaminifu. Uwanda wa Mwea, ambao wakati huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu, ulijaa kambi za kizuizini, na mradi wa kumwagilia mpunga wa Mwea-Tebere ulianza kwa jasho la waliozuiliwa. Anayekula pishori leo anakula tunda la historia hiyo, ajue asijue. Mwaka 1957 Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, haki ya kura ilipimwa kwa elimu, mapato, mali na utumishi, na mtu mmoja angeweza kuwa na hadi kura tatu. Wapiga kura wa KEM walidaiwa juu yake cheti cha uaminifu. Bernard Mate wa Meru alishinda kiti cha Mkoa wa Kati na kumwangusha Eliud Mathu, na wanahistoria wengi huona mizani hiyo ya vyeti kuwa sehemu ya maelezo. Mapato ya shamba yalikuwa yameingizwa katika daftari la kura. Sijui somo bora zaidi la uchumi wa kisiasa ambalo kijana wa wilaya hizo angeweza kupewa.

Kutoka hapo tunaye mtu mwenye maandishi. Mwaka 1965 kilichapishwa kitabu chake juu ya Soko la Pamoja na maendeleo ya Afrika Mashariki, kazi iliyochunguza jinsi biashara kati ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilivyoegemea upande mmoja. Kilitoka wakati mgogoro wenyewe ukichemka. Makubaliano ya Kampala ya 1964 yalikuwa yamejaribu kugawa viwanda ili Kenya isile peke yake, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini 1967, na Jumuiya yenyewe ikavunjika 1977. Swali alilolishika akiwa kijana lilikuwa hili: soko likiwa moja na faida zikienda upande mmoja, nani amlipe fidia nani, na kwa chombo gani? Naona swali hilohilo limevaa nguo nyingine miaka 17 baadaye katika ripoti ya 1982, safari hii likiwa halihusu nchi tatu bali wilaya za nchi moja. Huo ndio uzi ambao mwandishi wa maisha anautafuta. Wazo ambalo mtu hubeba kutoka kazi moja hadi nyingine ni sahihi inayotambulika hata pale jina lilipofutwa.

Lakini je, wazo la 1982 lilikuwa lake? Ripoti ya jopo la matumizi ya serikali ina tarehe ya Julai 1982. Agosti 1 likafanyika jaribio la mapinduzi. Na Julai 1, 1983 ukaanza kutekelezwa mpango wa kuifanya wilaya kitovu cha maendeleo, ambapo miradi ilitakiwa ipangwe na kamati ya maendeleo ya wilaya badala ya makao makuu ya wizara. Waliouendesha mpango huo serikalini walikuwa watu kama Simeon Nyachae na mchumi Harris Mule, na anayesoma maandishi ya wakati huo ataona sifa zikigawanywa kwao. Nyuma yao kuna ile tume ya Duncan ya 1971 iliyokwisha kusema wilaya iwe ngazi ya mipango. Kwa hiyo sentensi moja, kwamba wilaya ndiyo ipange, ina watu wanne wanaoweza kuidai, na wawili kati yao wanaitwa Ndegwa. Ripoti iliyochapishwa haiwezi kutatua kesi hiyo. Kinachoweza kuitatua ni jalada: rasimu ya kwanza na ya tatu, dokezo la pembeni lenye herufi za mwanzo za jina, barua iliyoambatanishwa na aya iliyofutwa kwa wino. Faili la serikali, kwa anayejua kulisoma, ni mazungumzo. Kila folio imepewa nambari, kila ofisa aliyelipokea ameandika jambo, na mahali nambari inaporuka ndipo mtu makini huinua macho.

Atasimama msomaji na kusema: ya nini yote hayo? Sera ipimwe kwa matokeo yake. Kama kamati za wilaya zilifaa au zilifeli, haijalishi aliyeziwaza alizaliwa Gichugu au Glasgow. Pingamizi hili ni zito na wachumi wenyewe hulipenda, kwa kuwa fani yao imezoea kumwondoa mtu na kubakisha mlinganyo. Nadhani linakosea mahali pamoja. Sera ikifeli, tunataka kujua kama wazo lilikuwa bovu au lilibadilishwa njiani, na hilo haliwezekani bila kujua aliyelitunga alitaka nini. Mwaka 1989 Joel Barkan na Michael Chege walichapisha uchambuzi wao wa mpango huo wa wilaya wakionyesha kwamba ugatuzi huo ulitumika pia kuhamisha rasilimali kutoka maeneo yaliyonufaika enzi za Kenyatta kwenda maeneo yaliyomuunga mkono Moi. Ikiwa ni hivyo, basi mtu wa Mlima Kenya aliongoza jopo lililotoa chombo ambacho baadaye kiliupunguzia Mlima Kenya mgao. Je, aliliona hilo? Alilikubali kama haki ya usawa, ile fidia aliyoiwaza tangu 1965? Au alitoa ushauri wa kubana matumizi na wengine wakaugeuza kuwa siasa? Majibu hayo matatu yanatupa wachumi watatu tofauti, na yanatupa pia hukumu tatu tofauti juu ya ugatuzi tulio nao leo. Matokeo peke yake hayachagui kati yao.

Ndiyo sababu mahojiano si mapambo ya kuongezwa mwisho ili kitabu kipate ladha. Kuna mambo ambayo karatasi haiwezi kuyabeba kwa umbo lake. Kumbukumbu za kikao huandika kwamba suala lilijadiliwa na kukubaliwa; hazisemi nani alinyamaza. Mchapaji aliyepiga rasimu nne anakumbuka aya ipi ilirudishwa mara nne. Karani wa masijala anajua faili lipi lilikuwa halirudi. Dereva anajua mkutano ulifanyika kwa nani kabla ya ule ulioandikwa. Na huku wilayani, katibu wa zamani wa chama cha ushirika au diwani aliyewahi kukaa katika kamati ya maendeleo anajua jambo ambalo Nairobi haikulijua: orodha ya miradi ilifika mezani ikiwa imeamuliwa, au iliandikwa pale? Watu wa aina hii hawatafutwi na waandishi wa maisha ya wakubwa, ambao hupenda kuhoji mawaziri. Mimi ningeanza nao, kwa sababu hawana sifa ya kuitetea.

Meru yenyewe imetoa mfano bora wa kile mahojiano yanachoweza kufanya, ingawa si kwa mchumi. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji, na katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika. Hayo yamo kwenye karatasi. Anayesoma karatasi hizo pekee ataona wazee wanaamuru na watu wanakaidi. Mwanahistoria Lynn Thomas, katika kitabu chake cha 2003, aliweka ripoti za maofisa kando ya maelezo ya wanawake wa Meru waliokuwa wasichana wakati ule, na picha ikageuka: wasichana walikuwa wamejipanga wenyewe, wakafanyiana wenyewe kwa wenyewe, wakajiita Ngaitana, yaani nitajikata mwenyewe. Hakuna ofisa aliyeyaona hayo kama tendo lenye nia. Kwake yalikuwa mashtaka na faini. Somo la mbinu linahamishika moja kwa moja. Daftari la mahakama liliandika adhabu, mahojiano yakatoa sababu. Daftari la chama cha kahawa litaandika makato, na mahojiano yataeleza kwa nini mkulima aliyakubali, au kwa nini usiku alipeleka mbuni kwingine.

Na karatasi nazo zina mwandishi, jambo ambalo wapenda nyaraka husahau. Mengi tunayoyajua kutoka maandishi kuhusu ardhi na mabaraza ya Meru na Embu yalipitia kwa H. E. Lambert, ofisa wa kikoloni aliyehudumu pande hizo na ambaye maandishi yake juu ya umiliki wa ardhi na taasisi za jamii yalitoka 1950 na 1956. Wapenzi wa Kiswahili watamkumbuka kwa jambo jingine kabisa, maana ndiye yuleyule wa Diwani ya Lambert na wa tafiti za lahaja za pwani kama Chivumba na Chijomvu. Alikuwa msikilizaji hodari. Alikuwa pia msimamizi aliyetaka kuwa na baraza analoweza kufanya nalo kazi, na Njuri Ncheke ya kurasa zake imenyooka zaidi kuliko taasisi yoyote hai inavyoweza kunyooka. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alipowahoji wazee wa Embu na Mbeere na kuchapisha maelezo yao miaka ya 1973 na 1974, alituonyesha jinsi simulizi zinavyotofautiana kutoka ukoo hadi ukoo, kutoka kilima hadi kilima. Ofisa aliyeandika ripoti ya mwaka hakuwa na nafasi ya tofauti hizo. Tofauti kati ya mzee na jalada, kwa hiyo, haimaanishi moja kwa moja kwamba mzee amesahau.

Hata hivyo wazee husahau, na pingamizi la kumbukumbu lisipuuzwe. Mtu anayehojiwa leo kuhusu 1983 ameishi miaka 40 ya redio, ya matanga na ya kampeni kati ya tukio na swali. Atachanganya kamati ya wilaya na hazina ya maeneobunge iliyokuja 2003, atachanganya msukosuko wa 1982 na ule wa baadaye, na bila shaka atachanganya Ndegwa na Ndegwa. Zaidi ya hayo, kumbukumbu za uchumi zina ugonjwa wake maalumu: watu hukumbuka vilele. Bei ya kahawa ilipopaa baada ya baridi kali kuua mibuni ya Brazil mwaka 1975, nyumba za mawe ziliota Meru na Embu, na kila kitu kilichotokea karibu na wakati huo huvutwa kuingia humo. Dawa yake ni kuuliza juu ya vitu badala ya kuuliza juu ya maoni. Usimwulize mzee kama uchumi ulikuwa mzuri wakati wa gavana fulani. Mwulize paa la bati liliezekwa mwaka gani, mtoto yupi alikuwa anaingia kidato cha kwanza, karo ililipwa kwa malipo gani ya kahawa. Halafu omba kuona risiti. Wakulima wengi wa kahawa huhifadhi risiti za kiwanda kwa uaminifu kuliko ofisi nyingi zinavyohifadhi kumbukumbu za vikao, na sanduku la chuma chini ya kitanda ni nyaraka za taifa pia, ila halina nambari ya rejea.

Pingamizi la tatu ni la kiutendaji: faili zimefungwa. Sheria yetu ya nyaraka ya 1965 huruhusu umma kusoma kumbukumbu za serikali baada ya miaka 30. Kwa hesabu hiyo, makabrasha ya jopo la 1982 yalipaswa kuiva kufikia 2012, na ya mwaka wa mwisho wa ugavana wa Philip Ndegwa kufikia 2018. Kuiva lakini si kuchumwa; jalada ambalo taasisi haikulipeleka Nyaraka za Taifa haliwi wazi kwa kutimiza umri. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuliomba kwa barua, na ningependa kuona watafiti wakiitumia zaidi kuliko wanavyolalamika. Tunajua pia kwamba karatasi zetu zina tabia ya kusafiri. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London ilipoilazimu Uingereza ikiri, maelfu ya majalada ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park yalijitokeza, na kati yake yalikuwemo ya Kenya, nchi ambayo kambi zake za Mwea zilikuwa sehemu ya ushahidi. Maisha ya mchumi husafiri vivyo hivyo, kwa kuwa mchumi wa nchi inayokopa anaandikiana na wanaokopesha. Robert Tignor, ambaye kabla ya hapo aliandika historia ya Kenya ya kikoloni, alipotaka kuandika juu ya Arthur Lewis, mshauri wa Nkrumah na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1979, aliyafuata makaratasi ya Lewis huko Princeton, na hapo ndipo ugomvi wa mchumi na kiongozi aliyemshauri ulipoonekana kwa maneno yao wenyewe. Sally Jacobs alipomfuatilia Barack Obama mkubwa, mchumi mwenzake Ndegwa aliyeukosoa hadharani Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965, sehemu ya ushahidi wake ilitoka katika faili la idara ya uhamiaji ya Marekani. Hakuna aliyelifungua faili lile akidhani anahifadhi historia ya uchumi wa Kenya.

Limebaki jambo ambalo watu wa kwetu hulikwepa kwa adabu. Kitabu cha maisha ya mkubwa, kikiandikwa kwa kuhoji jamaa na marafiki, huwa sifa za matangani zenye kurasa 300. Philip Ndegwa alifariki 1996 akiwa mtu wa serikali na pia mtu wa biashara; jina la familia yake limeendelea kutajwa katika bima na uwekezaji. Mwandishi makini hawezi kuruka hapo, wala hana haki ya kuanzia hapo kwa mnong'ono. Atalitazama kwa utaratibu: sheria na kanuni za utumishi zilisema nini kila mwaka, ripoti ile ya Duncan ya 1971 iliruhusu nini na kwa sharti gani, msajili wa kampuni ana tarehe zipi, na magazeti yaliandika nini siku hizo. Huenda tarehe zikamtetea mtu kuliko ndugu zake wanavyoweza. Huenda zisimtetee. Ni mbinu ileile inayotumika kwa mkulima na risiti zake, na sioni kwa nini gavana apimwe kwa kipimo laini zaidi. Ugavana wake ulikutana na kuanguka kwa taasisi kadhaa za fedha za wenyeji katikati ya miaka ya 1980, na kuundwa kwa hazina ya kulinda amana za wateja kufuatia misukosuko hiyo. Nani aliona mapema, nani alichelewesha, nani alibanwa? Hapa napo sauti za waliopoteza akiba zina nafasi yake kando ya ripoti za ukaguzi, na si wote walikuwa Nairobi.

Kwa hiyo kazi yenyewe, kwa mtu anayetaka kuifanya, ina mahali pa kuanzia panaposhikika. Kamati za maendeleo za wilaya za Embu na Meru zilikaa vikao kuanzia 1983 na kuendelea. Vikao vina kumbukumbu, na kumbukumbu zilisambazwa kwa nakala nyingi kwa sababu kila idara ilitaka yake. Nakala ikipotea katika ofisi ya wilaya huenda ikapatikana kwa idara ya maji, kwa kilimo, kwa ushirika, au nyumbani kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa mjumbe. Mwaka 1986 ungekuwa mtihani mzuri. Kahawa ilikuwa imepanda tena, Nairobi ilitoa Waraka wa Bunge nambari 1 wa mwaka huo juu ya kufufua ukuaji wa uchumi, na Philip Ndegwa alikuwa Benki Kuu akizitazama fedha za kigeni zikiingia. Chukua taarifa ya mwaka ya Benki Kuu ya kipindi hicho, chukua orodha ya miradi iliyopitishwa na kamati ya Meru, chukua kumbukumbu za kamati ya Embu, kisha utafute risiti moja ya mkulima wa miteremko hiyo ya msimu uleule, yenye safu ya kilo, safu ya bei na ile safu ndefu ya makato. Ziweke juu ya meza moja, umwite aliyekuwa katibu wa chama, uwashe kinasa sauti, na umwombe asome tarakimu kwa sauti kuanzia juu kwenda chini.